Wasichana wa Ukutani

Mwalimu wa michezo alipuliza filimbi mara ya tatu, na kwa mara ya tatu wasichana wa kidato cha tatu wakageuza shingo tu, kama kuku waliosikia mlango ukifunguliwa, kisha wakaendelea na soga zao. Walikuwa wamekaa juu ya ukuta mfupi kando ya uwanja, bega kwa bega, sketi zimevutwa hadi chini ya magoti. Uwanjani walikuwepo wale wale wa kila Alhamisi: wavulana wa timu ya shule na wasichana wachache wenye miguu myepesi, ambao hata bila mwalimu wangecheza. Waliobaki wote, ukutani.

"Haya, leo nani anaumwa nini?" aliuliza akiwasogelea.

Walimjibu kwa zamu. Huyu tumbo. Yule kichwa. Mwingine raba zake zimelowa, ingawa mvua ilikuwa imesahaulika siku nyingi. Mwingine tena alikuwa na pumu, na mwalimu alipomkumbusha kwamba wiki iliyopita alilalamikia mgongo, akajibu bila kupepesa macho, "Imepanda juu, mwalimu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe nusura acheke, akajizuia, maana mwishoni mwa safu alikaa binti yake wa kumzaa, naye hakucheka. Alinyoosha mkono tu na kumpa karatasi iliyokunjwa.

*Mwalimu wa michezo, salamu. Tafadhali mruhusu binti yangu apumzike leo, kifundo cha mguu kinamsumbua. Ahsante. Mzazi.*

Mwandiko ule aliujua. Ndio uliomwandikia barua za uchumba.

Utotoni mtoto huyu hakujua kukaa. Bibi yake alimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia kweli kweli: ukiinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka yeye yuko kona ya mtaa, na sauti yake iko mtaa wa pili. Jina likaganda. Hata baba yake alimzoea kwa jina hilo, na mama mtu akaitwa Mama Kiguu. Kisha mwaka jana, bila mtu kujua ni siku gani hasa, Kiguu akatulia. Akitoka shule ni kitandani na simu, kitandani ni mezani, mezani ni kitandani. Ofisini walimu wenzake walikuwa wanaanza kunong'ona kwamba mganga hajigangi, na minong'ono ya ofisini haijawahi kumpita anayenong'onwa.

Jioni ile mwalimu alimkuta mumewe sebuleni. Alikuwa fundi wa majokofu, na moyo wa jokofu la mtu ulikuwa umelala juu ya gazeti mezani, mafuta yanavuja.

"Umeniandikia mimi barua?" aliuliza kabla hajavua viatu.

"Sikukuandikia wewe. Nilimwandikia mwalimu wa michezo."

"Mwalimu wa michezo ndiye anayekupikia!"

"Leo nimepika mimi," mume akasema, na ilikuwa kweli, harufu ya vitunguu ilikuwa nyumba nzima. Kisha akaweka bisibisi chini. "Mtoto alilia, Mama Kiguu. Alisimama hapo mlangoni asubuhi, akalia, na kila nikimuuliza analia nini, anasema hakuna. Ningefanya nini?"

"Ungeniita."

"Ulishatoka. Ulikuwa umekwenda kuchora mistari ya uwanja."

Alivua viatu, akaenda chumbani kwa binti yake. Kiguu alikuwa amejilaza chali, simu imemuangazia uso.

"Kifundo kipi?"

"Hiki."

"Hicho ni cha kulia. Uwanjani ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto."

Kiguu akashusha simu. "Mama, kwani lazima kila mtu akimbie? Wewe unapenda kukimbia, kimbia. Mimi napenda kukaa."

Hapo mama akalifungua bomba. Akamweleza habari za moyo na mifupa, habari za usingizi, habari za shangazi yake aliyeanza kuugua sukari akiwa bado kijana, na jinsi mwili usiotumika unavyofanya kutu kama bawaba. Alisema mpaka akajisikia mwenyewe akitoa sauti ya tangazo la redio. Alipomaliza, binti akajibu kwa adabu zote:

"Sawa, mwalimu."

Neno hilo nyumbani lilimchoma kuliko tusi.

*

Wiki iliyofuata palikuwa na kikao cha walimu, na mwalimu wa Hesabu aliomba nafasi ya kusema. Wanafunzi walimwita Kipeuo, jina alilolijua na kulionea fahari. Kipindi cha michezo cha kidato cha nne alikuwa ameshapewa tangu mwaka ulipoanza, kwa ajili ya mitihani. Sasa alikitaka na cha kidato cha tatu.

"Mimi sina ugomvi na michezo," alisema. "Lakini kila Alhamisi nikichungulia dirishani naona watu wamekaa. Kama ni kukaa, si wakae na Hesabu?"

Ofisi nzima ikacheka. Mwalimu wa michezo alihisi masikio yakipata moto. Kilichomuuma ni kwamba Kipeuo hakuwa amesema uongo.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole aliyependa vikombe vya ushindi. Nyuma ya kiti chake lilisimama kabati la vioo, na alikuwa na desturi ya kuligeukia anapotafuta maneno. "Wenye vipaji tunao," alisema akilitazama. "Timu inatuletea heshima. Hawa wengine..." Akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Hawa wengine ndio shule, Mkuu. Timu ni watu wachache tu. Sisi tunalea watoto wa kupanda ngazi wakahema kama wazee, halafu tunasema hawana vipaji. Kuna kipaji gani katika kutembea?"

"Basi wafanye wacheze."

"Nitawafanya."

"Nakupa mpaka mwisho wa muhula," Mkuu akasema. "La sivyo, Mwalimu wa Hesabu achukue."

Alitoka pale akijilaumu. Ameahidi nini? Mwaka mzima amepiga filimbi, amebembeleza, ametisha, amecheza muziki uwanjani, amewaletea kamba za kuruka. Ilikuwa kazi ya kumpigia mbuzi gitaa. Mbuzi angalau hutikisa masikio.

Alhamisi iliyofuata hakupiga filimbi. Aliliacha begi la mipira katikati ya uwanja kwa wenye kutaka, akaenda ukutani, akakaa. Wasichana wakasogeana kumpa nafasi, wakimtazama kwa wasiwasi.

"Leo simwiti mtu," alisema. "Nataka kuambiwa ukweli. Tumbo na pumu tuviweke kando."

Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Mwishowe akaguna yule aliyekuwa na pumu iliyopanda kutoka mgongoni, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa sababu alikuwa hashindwi na hoja.

"Mwalimu ukikasirika?"

"Nitakasirika kesho."

"Haya. Sisi tukicheza, tunabadilisha wapi nguo? Chooni. Choo chenyewe sakafu ina maji, mnasimama wawili wawili mmeshikilia sketi kwa meno. Tukimaliza, tunanawa wapi? Bomba la nje halitoi maji. Baada ya hapa tuna Kemia, na mwalimu wa Kemia akishaingia anafunga mlango. Kwa hiyo uchague: uingie unanuka jasho ukae karibu na watu, au ujisafishe ufungiwe nje. Na huko juu..." Alinyoosha kidevu kuelekea jengo la madarasa.

Mwalimu akageuka. Kwenye varanda ya ghorofani wavulana wa kidato cha nne walikuwa wameegemea ukingo kama watu waliokuja sinema. Hao ndio waliotolewa michezo wasome Hesabu. Kipeuo aliwaachia mazoezi ubaoni, akaenda kunywa chai.

"Wanafanya nini?"

"Wanatangaza mpira," alisema mmoja. "Kila anayekimbia anapewa jina."

"Majina gani?"

Macho kadhaa yalimtoroka, yakaenda mwishoni mwa ukuta. Kiguu aliteremka, akapangusa sketi, akaondoka akielekea madarasani. Mama alisimama kumfuata. Kabla hajafika kwenye ngazi, alisikia. Binti yake alikuwa anapanda, na kila alipoweka mguu kwenye kidato cha ngazi, sauti nzito kutoka juu ikaunguruma: *dugu-dugu-dugu-dugu*. Kisha nyingine ikadakia: "Pisheni, Trekta linapanda mlima!"

Alizikwea ngazi mbili mbili, na alipofika juu wavulana walikuwa tayari wamejaa darasani, kila mmoja na kalamu mkononi kama malaika. Kiguu alimshika mkono mlangoni.

"Usiingie. Mama, nakuomba."

"Tangu lini?"

"Tangu zile mbio za shule za mwaka jana. Ukiwaadhibu, kesho itakuwa Trekta na mama yake. Niache."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama ndani ya ile shule. Mwalimu akasimama pale, ngumi imekunjwa, hana pa kuipeleka.

*

Kwa Makamu wa mkuu wa shule aliomba vitu vitatu: stoo ya zamani iliyo karibu na uwanja iwe chumba cha kubadilishia nguo, mwalimu wa Kemia awasubiri wasichana kidogo, na kidato cha nne warudishiwe michezo yao. "Wale wavulana wako varandani kwa sababu miguu yao haina kazi," alisema. "Mnawafungia juu halafu mnashangaa midomo ndiyo inayokimbia."

"Hilo la kidato cha nne liache," Makamu akasema. Alikuwa na meza safi, isiyo na kitu ila saa na funguo. "Kemia, zungumza naye mwenyewe. Stoo, tutaona."

Katika shule ile "tutaona" lilikuwa kaburi. Maombi mengi yalizikwa humo bila matanga. Lakini alimfuata Makamu getini, akamfuata kwenye chai, akamfuata hadi mwenyewe akawa anamkwepa kwa kupitia bustanini, na mwisho Makamu akamtupia ufunguo kama anayemtupia mbwa mfupa.

Jumamosi alikwenda na mumewe. Stoo ilikuwa imejaa madawati mabovu, na Makamu alikuwa amesema yarundikwe nyuma ya jengo. Waliyatoa, wakafagia, wakaosha. Fundi wa majokofu akafungua bomba la nje, akatoa tope la miaka ndani yake, na maji yakatoka, kwanza mekundu, kisha meupe. Akapigilia misumari ya kutundikia nguo. Pazia lilikuwa shuka lao la zamani lenye maua.

"Kiguu akiliona hili shuka atakufa kwa aibu," alisema mume.

"Basi atakufa akiwa msafi," mke akajibu, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi wakacheka pamoja.

Alhamisi aliwaongoza wasichana hadi kwenye stoo kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Akafungua mlango.

Madawati. Yamepangwa tena kutoka sakafuni hadi darini, miguu juu, na shuka la maua limekunjwa na kuwekwa juu ya moja, kwa ustaarabu kabisa. Mlinzi aliyekuwa akipita akaeleza: wakaguzi wanakuja wiki ijayo, Makamu ameagiza uchafu wa nyuma ya jengo usionekane.

Wasichana hawakushangaa hata. Hiyo ndiyo iliyomuumiza. Wakili alivuta pumzi tu, akageuka kurudi ukutani, na wengine wakamfuata.

Sasa maji yalimfika shingoni. Alivua filimbi akaitia mfukoni, akashika dawati la kwanza, akalivuta. Lilikwaruza sakafu kwa mlio wa kutia meno ganzi. Akalivuta hadi nje, akalikokota kupitia njia ya katikati ya shule, mbele ya madarasa, hadi mlangoni kwa Makamu, akaliweka. Akarudi kuchukua la pili. Jasho lilimtiririka, nywele zimemtimka, na alikuwa akisema peke yake maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya wanafunzi.

Alipokuwa anahangaika na la tatu, uzito ukapungua ghafla. Wakili alikuwa ameshika upande wa pili.

"Pumu yako?" mwalimu akauliza akihema.

"Imeshuka."

Wakafuata wengine, wawili wawili. Madawati yalianza kupita uani kama siafu wanaohama. Mtu akasema waone nani atafika kwanza, na wawili waliokuwa na maumivu ya tumbo wakawapita wenye maumivu ya kichwa, wakigongana na kucheka na kutukanana kwa upole. Kiguu alikuja mwisho. Hakutafuta mwenzake. Aliinua dawati peke yake, akaliegemeza begani, akatembea kwa hatua zile zile nzito.

Alipofika chini ya varanda, ngurumo ikaanza. *Dugu-dugu-dugu.*

Mama yake, aliyekuwa nyuma, alisimama. Kiguu naye alisimama. Alitua dawati taratibu, akainua uso, akawatazama. Alimtazama anayeunguruma, akaendelea kumtazama, hadi ngurumo ikapungua, ikawa kikohozi, ikafa. Wavulana wale wengine wakaanza kumtazama mwenzao badala ya yeye. Kisha Kiguu akainua mzigo wake tena, akaendelea.

*

Makamu alipofungua mlango wa ofisi hakuweza kutoka. Aliita juu ya rundo kama mtu aliye kisimani. Mkuu akaja, Kipeuo akaja na kikombe chake cha chai akilalamikia kelele, na mwalimu wa michezo akasema yote aliyokuwa nayo, palepale, mbele ya wasichana. Alisema habari za choo, bomba, mlango wa Kemia. Alimgeukia Kipeuo akamuuliza: wavulana wako wamesoma ukurasa gani wa Hesabu pale varandani? Kipeuo alitazama ndani ya kikombe.

Mkuu alisikiliza. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi fulani, kiasi kidogo. "Wakaguzi wakiondoka, stoo ni yako," alisema. "Nimesema mimi. Lakini leo madawati yarudi."

"Mkuu, tumeyatoa sasa hivi."

"Yarudi."

Alitamani kulia. Aligeuka kuwaambia wasichana, akitarajia kuona migongo ikielekea ukutani, lakini walikuwa wameshaanza kuyainua, wakilalamika kwa sauti kubwa ili Mkuu asikie. Walirudisha yote. Walichelewa Kemia, wakakuta mlango umefungwa, nao wananuka jasho kundi zima. Safari hii mwalimu alibisha hodi mwenyewe, akabaki amesimama kizingitini mpaka ukafunguliwa.

"Walikuwa wanatekeleza amri ya Mkuu," alisema. Mwalimu wa Kemia akasogea pembeni, akawapitisha mmoja mmoja akiwa ameziba pua.

Wakaguzi wakaja, wakaondoka, na stoo ikapatikana kweli. Si kwamba ukuta ulibaki mtupu. Wapo waliobaki juu yake mpaka muhula ukaisha, na mmoja aliugua maradhi mapya kila wiki kwa ubunifu wa kupigiwa makofi. Kidato cha nne hawakurudishiwa michezo. Kipeuo aliacha kwenda chai, basi, na varanda ikawa na amani ya gereza. Lakini wengi waliteremka. Walicheza mpira wa pete vibaya sana, wakaudaka kwa tumbo, wakaurusha nje, wakabishana juu ya kanuni ambazo hakuna aliyezijua. Kiguu alikimbia polepole na kwa kishindo, uso umelowa jasho, na alipodaka mpira mara ya kwanza alimwangalia mama yake kwa ukali kuonya: usithubutu kupiga makofi. Mama akaitazama saa yake.

Kisha Mkuu akatokea kando ya uwanja, mikono nyuma, amependezwa.

"Sikujua tuna wasichana wachangamfu hivi," alisema. "Kuna mashindano ya wilaya. Nichagulie saba walio bora, na wawili wa akiba. Hao tuwape mazoezi ya kila siku. Wengine wanaweza kwenda kwa Mwalimu wa Hesabu, au sivyo? Ahadi umetimiza."

Alidhani hakusikia vizuri. "Mkuu, nikichagua saba, waliobaki watarudi ukutani. Ndiko walikotoka."

"Lakini kikombe, Mwalimu."

"Kikombe sawa, lakini kipindi kibaki cha wote."

"Fikiria mpaka Jumatatu," alisema Mkuu kwa upole, akaenda zake kuelekea kwenye kabati lake.

Siku hiyo Kiguu alimngoja getini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Walitembea pamoja hadi wakavuka barabara kubwa.

"Nimesikia habari za timu," Kiguu alisema. "Mimi nitakuwemo?"

Mama alihisi uongo mtamu umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akaurudisha.

"Kwa uchezaji wako wa sasa, hapana, mwanangu."

Kiguu aliitikia kwa kichwa taratibu. Akapiga teke kijiwe, kikaenda mbali kidogo, akakifuata, akakipiga tena.

"Na kipindi chetu? Atakichukua?"

"Anataka. Nitapigana naye Jumatatu."

"Utashinda?"

"Sijui. Nimechoka, Kiguu. Kila nikisukuma mlango, nyuma yake kuna madawati."

Walipofika nyumbani binti alimpita baba yake sebuleni bila salamu, akaenda uani na beseni, akazitumbukiza raba zake kwenye maji ya sabuni. Akaanza kuzisugua kwa brashi, kwa hasira, kana kwamba ndizo zilizomkosea.

"Kesho Ijumaa," baba akamwambia akiwa mlangoni. "Michezo si mpaka Alhamisi?"

"Najua," Kiguu akasema, akaendelea kusugua.